Fungua Daftari Usiku Huu!

Wewe unayesoma haya, unajua!

Unajua kuwa biashara yako inadaiwa. Unajua kuwa tarehe imepita. Unajua kuwa ile barua ya Mamlaka ya Mapato, TRA, uliyoisukuma chini ya kaunta hujaifungua kwa sababu unakijua kilichomo.

Basi sikuandikii nikufundishe kuwa kodi ipo. Nakuandikia nikushike mkono kabla hujaahirisha tena. Amka! Simama! Geuka leo!

Umesema "mwezi ujao" mara ngapi? Ulipopata fremu ulisema mwezi ujao. Ulipoajiri kijana wa kwanza ulisema mwezi ujao. Ulipoleta mzigo mkubwa kutoka Guangzhou, ulipofungua tawi la pili, ulipoanza kuuza kwa jumla, wimbo ulikuwa ule ule. Na mwezi ujao ulifika, ukapita, ukaacha adhabu yake kwenye akaunti ambayo hutaki kuitazama.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 haina mwezi ujao. Ukianza biashara Tanzania, una siku 15 za kuomba namba ya mlipakodi, TIN. Siku 15! Hazihesabiwi tangu upate faida ya kwanza, wala tangu mtaji urudi, wala tangu mambo yakae sawa. Zinahesabiwa tangu ulipoanza.

Wengine mnayo TIN mliyoichukua mlipotafuta leseni ya udereva, mkadhani kazi imekwisha. Haijaisha! Ile haikuwa ya biashara. Siku uliyoweka bidhaa ya kwanza kwenye rafu ulipaswa kurudi ukasema: sasa nafanya biashara. Rudi! Nenda na kitambulisho chako cha taifa, taja biashara yako, taja mahali ilipo, taja mauzo yake kwa kweli.

Kwa kweli, nasema, maana hapo ndipo kishoka anapokusubiri!

Unamjua kishoka. Ana faili kwapani, anawajua wakubwa wote, ana njia ya mkato kwa kila jambo. Atakushauri upunguze mauzo. Atakushauri uligawe duka moja kwa majina matatu. Atakushauri uandike biashara kwa jina la mdogo wako asiyejua hata duka liko mtaa gani. Mkimbie! Siku ya ukaguzi simu yake haitapatikana, faili lake halitaonekana, na sahihi iliyo chini ya fomu itakuwa yako peke yako.

Sasa nisikilize kwa makini, mama lishe, fundi seremala, muuza mitumba, mwenye genge. Hapa ndipo wengi wanapoangamia huku wakidhani wanajiokoa.

Unasema moyoni: nikiandika mauzo, wataniona, nisipoandika, nimejificha. Uongo! Uongo mtupu, na umekula fedha yako miaka yote hii!

Tazama jedwali la kodi ya wafanyabiashara wadogo wa Tanzania Bara, kama lilivyopangwa mwaka 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka aliachwa huru. Aliyeuza zaidi ya milioni 4 mpaka milioni 7 aliwekewa njia mbili. Asiye na kumbukumbu alipe shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alipe asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4.

Piga hesabu mwenyewe! Umeuza milioni 5. Unalo daftari? Kodi yako ni 30,000. Huna? Ni 100,000. Duka lile lile, jasho lile lile, wateja wale wale, na shilingi 70,000 zimekutoka kwa sababu ya daftari linalouzwa dukani kwako mwenyewe!

Panda juu kidogo. Umeuza milioni 8. Mwenye kumbukumbu alitakiwa kulipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, jumla 120,000. Asiye na kumbukumbu alilipa 250,000. Ile tofauti ya 130,000 ilikuwa viatu vya mwanao, ilikuwa mzigo mpya, ilikuwa akiba. Ukaitoa kwa uvivu wa kalamu!

Viwango hubadilika. Bunge hukaa Dodoma mwezi Juni na bajeti, Sheria ya Fedha hupita, na mambo mapya huanza tarehe 1 Julai. Kaulize jedwali la mwaka huu, usishike la zamani kama hirizi. Lakini huu ndio mkondo wa mambo tangu zamani: anayeandika hulipia alichouza, asiyeandika hukadiriwa.

Na makadirio unayajua, maana unayalilia kila mwaka. Afisa anaingia dukani. Anatazama rafu, anauliza pango, anahesabu wateja wawili watatu, anaandika tarakimu. Wewe unahamaki. Utaipinga kwa kitu gani? Kwa machozi? Kwa viapo? Kwa jirani wa kukushuhudia kuwa biashara ni ngumu? Huna mkononi hata karatasi moja!

Sheria imekupa haki ya kupinga, na ni haki kubwa. Ukiona tathmini imekuonea, una siku 30 za kuandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Unatakiwa kutanguliza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, au ile sehemu usiyoibishia, ipi iliyo kubwa zaidi. Usiporidhika na jibu, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake lipo Baraza la Rufani za Kodi. Milango yote hiyo iko wazi! Lakini ndani ya kila mlango utaulizwa swali moja: vielelezo viko wapi? Na wengi huishia kwenye swali hilo, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma, siku ya 30 inapita wakiwa bado wanatafuta risiti kwenye mifuko ya rambo.

Mwislamu, unajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Mkristo, unajua habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kuwa imempasa kwanza akae ahesabu gharama. Na sote tulifundishwa na wazee: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumesikia msikitini, tumesikia kanisani, tumesikia barazani, na bado tunauza kutwa nzima bila kuandika mstari mmoja!

Andika! Andika ulichouza leo. Andika ulichonunua na uliyenunua kwake. Andika pango, umeme, nauli ya mzigo, mshahara wa kijana. Andika waliokopa, kwa majina yao. Na hili ndilo gumu kuliko yote: andika fedha uliyoichomoa kwenye droo kwa ajili ya nyumbani, hata kama ni ya mboga, hata kama ni ya mchango wa harusi. Hujawahi kujua faida yako kwa sababu hujawahi kukiri unachokula.

Tenga simu ya biashara na simu yako. Mteja alipe kwenye namba ya biashara, shemeji atume ya kwake kwenye namba yako. Ukizichanganya fedha hizo, siku ya kuulizwa utashindwa kueleza ipi ilikuwa mauzo, ipi ilikuwa mkopo wa rafiki, ipi ilikuwa rambirambi, na zote zitaonekana mauzo!

Tunza! Sheria inataka kumbukumbu zikae angalau miaka 5. Na ile risiti ya mashine unayoitia kwenye droo ukidhani umeitunza, ikipigwa na jua na joto wino wake hufifia mpaka inabaki karatasi nyeupe. Itoe nakala. Ipige picha. Ipe tarehe, iweke kwenye faili la mwezi wake. Mtu aliyelipa gharama halali akakosa ushahidi wake anatozwa kodi kama vile hakuwahi kuilipa. Huo ni msiba wa kujitakia!

Sasa nakugeukia wewe uliyekua. Mauzo yako yamevuka shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 2023 cha kusajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani. Unatoza VAT asilimia 18, unatoa risiti, unaingiza fedha benki. Halafu mwenye mzigo anapiga simu, kontena limefika bandarini, na mkono wako unakwenda kwenye fedha ile.

Uzuie mkono huo! Mteja aliyelipa 118,000 alikupa 100,000 za kwako. Zile 18,000 alikukabidhi uzifikishe. Ulikuwa mchukuzi wake! Toa kwanza kodi uliyolipa kwenye manunuzi yako yenye risiti halali, ndiyo haki yako, kisha kinachobaki kipeleke kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kukupita. Ukikitumia kama mtaji, umekopa bila kuomba, umekopa kwa riba, umekopa kwa mkopeshaji asiyesahau.

Na wewe mwajiri! Ee mwajiri, hapa nasema kwa uchungu.

Umemkata kijana wako. Mshahara wake uliozidi shilingi 270,000 kwa mwezi umeukata kodi, sawa, ndivyo sheria ilivyosema. Umemkata na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, sawa. Karatasi ya mshahara imeandikwa vizuri, yeye ametia sahihi, amekwenda nyumbani na kilichobaki bila kunung'unika. Fedha iko wapi?

Kodi ile ilitakiwa ifike TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi uliofuata kupita. Mchango wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambayo yeye hapaswi kukatwa zaidi ya nusu yake, ulitakiwa uende na ile sehemu yako. Wewe umelipia gari. Wewe umemalizia ghorofa. Wewe umesubiri "mambo yakae sawa".

Yeye atajua lini? Atajua siku anapokwenda kudai mafao ya uzazi. Atajua siku anapofungua taarifa yake na kuona miezi mitupu. Atajua akiwa na mvi, amekaa kwenye benchi, anaambiwa mwajiri hakuwasilisha. Unaweza kumtazama usoni siku hiyo? Rudisha! Rudisha sasa, wakati bado yuko kazini kwako na bado anakuamkia asubuhi!

Nalisikia jibu lako, nawe una haki ya kulisema. Kodi ni nyingi. Tozo zimerundikana. Wapo maafisa wanaosumbua, na wapo wanaonyoosha mkono kwa jambo lisilo halali. Kweli! Maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo Mei 2023, yakafungwa tena Juni 2024, na waliofunga hawakufanya mchezo. Rais akaunda tume ya kuangalia upya mfumo mzima wa kodi mwaka huo huo wa 2024. Sauti ilisikika.

Basi paza sauti! Paza kupitia jumuiya ya wafanyabiashara, paza kwa mbunge wako, paza mbele ya Bodi. Dai kiwango kilicho cha haki, dai heshima, dai maelezo ya maandishi kwa kila tarakimu. Lakini usijidanganye kuwa manung'uniko ni ritani, ile taarifa ya kodi unayotakiwa kuwasilisha. Aliyefunga duka siku tatu kwa kupinga alirudi akakuta tarehe za ritani ziko pale pale.

Hofu hii tumeirithi, nalijua hilo. Babu zetu waliona mkusanya kodi ya kichwa anakuja, wakakimbilia porini. Mpaka mwaka 2003, kodi ya maendeleo ilipofutwa, vijijini watu wazima walikuwa bado wanajificha wasishikwe mbele ya watoto wao. Fedheha ile iliingia damuni. Lakini wewe utakimbilia pori gani? Benki ina kumbukumbu zako. Mtandao wa simu una kumbukumbu zako. Forodha, halmashauri, mwenye mzigo wa jumla aliyekupa risiti yenye TIN yako, wote wana kumbukumbu zako. Ni wewe tu usiye nazo!

Usiniambie biashara imelala, kwa hiyo hakuna la kufanya. Lipo! Kampuni isiyouza chochote bado inatakiwa kuwasilisha ritani, hata ikiwa ni ya sifuri. Makadirio ya mwaka yanaingia kabla ya Machi kuisha, kodi inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwaka unaoishia Desemba inatakiwa ifike kabla ya Juni kwisha. Ukichelewa, adhabu inahesabiwa kwa kila mwezi, na sehemu ya mwezi inahesabiwa mwezi mzima. Siku moja imekuwa mwezi! Nawe umelala miaka mingapi?

Wangapi wamefunga duka wakasahau kufunga kodi! Fremu wamerudisha, rafu wameuza, mashine imetupwa stoo, wamehamia Mwanza kuanza maisha mapya. Hawakumwandikia Kamishna hata mstari mmoja. Baada ya miaka wanaomba leseni nyingine, wanadaiwa cheti cha uthibitisho wa kodi, na deni la duka lililokufa linafufuka mbele yao, pamoja na riba, pamoja na adhabu, pamoja na aibu. Umefunga? Toa taarifa kwa maandishi! Biashara ife kwa karatasi kama ilivyozaliwa kwa karatasi.

Mpangaji wa fremu, kata asilimia 10 ya pango uipeleke TRA kama kodi ya zuio, umpe mwenye nyumba uthibitisho wake, na wewe mwenye nyumba, usimfukuze mtu kwa kutii sheria. Mnunuzi, dai risiti yako, itazame kiasi kilichoandikwa, usikubali bei mbili, ya "na risiti" na ya "bila risiti". Sheria inakuhesabu na wewe mkosaji ukiondoka bila kuidai.

Sasa geuka! Najua kinachokuzuia. Unaogopa kuliona deni lenyewe. Unaogopa jumla. Unaogopa kuingia mlangoni mwa ofisi ile ukatajiwa tarakimu ambayo huna.

Lakini deni usilolitazama halipungui! Linalojulikana linaweza kujadiliwa, linaweza kupingwa, linaweza kulipwa kidogo kidogo. Sheria inakuruhusu kuomba kulipa kwa awamu. Inakuruhusu kuomba msamaha wa riba na adhabu ukiwa na sababu ya kweli. Anayekwenda mwenyewe huenda na maelezo yake mkononi. Anayefuatwa hukuta akaunti ya benki imezuiwa, na maelezo yake yanasubiri nje.

Mwaka 2018 serikali ilifungua mlango mpana: waliojitokeza na kukubaliwa walisamehewa riba na adhabu kwa asilimia 100, wakabakiwa na kodi ya msingi tu. Asilimia 100! Wengine waliingia mbio, wakatoka wepesi. Wengine walisoma tangazo, wakatikisa kichwa, wakasema mwezi ujao. Mlango ukafungwa, na riba ile bado inawala mpaka leo. Utakaa kizingitini ukingoja mwingine kama ule, wakati kila mwezi unaongeza juu ya deni?

Usiku huu, kabla hujalala, fungua daftari jipya. Andika tarehe. Andika mauzo ya leo, hata kama ni haba. Itoe ile barua, ifungue, uisome mpaka mwisho, uandike pembeni siku ilipokufikia, maana siku zako 30 za pingamizi zinahesabika.

Kusanya risiti ulizo nazo, zilizo kwenye droo, zilizo kwenye pochi, zilizo chini ya kiti cha gari. Zipange kwa miezi. Miezi yenye mapengo iandike mapengo yake, usibuni hata tarakimu moja ya kuyaziba. Kama biashara ni kubwa, mtafute mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Wahasibu, umwonyeshe yote, hata lile unaloona haya kulisema.

Kesho asubuhi usipitie dukani kwanza. Ukipita dukani, mteja atakushika, mzigo utakushika, mchana utakukuta hujaondoka. Nenda moja kwa moja ofisi ya kodi ya mkoa wako. Omba taarifa ya akaunti yako ya kodi. Uliza kila mstari usioelewa, na usione haya kuuliza mara mbili. Omba kulipa kwa awamu, na ombi lako liwe la maandishi. Fedha usimkabidhi mtu mkononi, awe afisa au kishoka. Chukua namba ya malipo, ulipe benki au kwa simu, upate risiti.

Na kabla hujatoka, barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uchukue nakala, uirudishe nyumbani uiweke ukurasa wa kwanza wa faili.

Nenda!